Ripoti ya mwanangu imetoboa siri ya deni langu. Niandike nini kwenye maoni ya mzazi?

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia ripoti ya mwanangu ikiwa mapajani. Naomba uniambie kama nicheke au niende shuleni nikagombane.

Mwanangu yuko darasa la tano, shule ya serikali hapa Morogoro. Shule zilipofungwa alirudi na ripoti imekunjwa mara nne, kaichomeka ndani ya daftari la Sayansi. Kiswahili kapata 46, Hisabati 17, mengine yako katikati. Ni wa 58 kati ya wanafunzi 96. Hayo nimeyazoea. Balaa liko chini, pale mwalimu wa darasa anapoandika maoni yake. Nanakili kama yalivyo:

"Ana akili na ana maneno. Akiulizwa swali la Hisabati hujibu kwa hadithi, na hadithi huwa nzuri kuliko jibu. Habari za nyumbani kwenu tunazo zote, mpaka deni la dukani kwa Mangi. Mdomo upumzike kidogo, mkono ufanye kazi."

Mwalimu mkuu naye kaongeza chini yake: "Nimesoma, nimecheka. Ajitahidi." Halafu muhuri.

Mwalimu, mume wangu alikuwa hana habari na deni hilo. Ni shilingi 38,000 za unga, sukari, sabuni na mafuta ya kula. Lilianza kujikusanya mwezi wa tatu biashara yangu ya vitenge ilipoyumba, na nilikuwa nalipunguza kimyakimya. Sasa yeye ndiye aliyeipokea ripoti, akaisoma kwa sauti mbele ya mdogo wake aliyekuja kutusalimia. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Kabla sijatoka jikoni kuuliza kuna nini, alishaipiga picha na kuirusha kwenye grupu la ukoo.

Humo ndani kuna watu zaidi ya sitini. Mawifi, mashangazi, mpaka walioko Tanga. Mama mkwe alituma ujumbe wa sauti kuuliza kama wajukuu zake wanakula. Wifi mmoja akamtumia mume wangu shilingi elfu tano "za kupunguzia kwa Mangi", na ujumbe wa muamala akauweka humohumo kwenye grupu ili kila mtu aone.

Mtoto sasa jina lake ni Redio Mbao. Alilianzisha shemeji, binamu zake waliokuja likizo wakalidaka. Mwanzoni alikuwa anacheka nao, kisha akaacha. Huyu ni mtoto aliyekuwa ananifuata mpaka bafuni kunimalizia ndoto yake. Siku hizi nikimuuliza kama aongezewe wali anatikisa kichwa tu, macho kwenye sahani.

Mume wangu kwenye mistari ya maoni ya mzazi ameshaandika kwa penseli: "Mwalimu afundishe, asichunguze maisha ya watu." Kalamu za wino nimezificha. Anasema pia tumhamishe mtoto shule, maana nafasi ya 58 na dharau juu yake haiwezekani. Shule zinafunguliwa Julai na ripoti lazima irudi ikiwa na saini.

Je, mwalimu alikuwa na haki ya kuandika vile? Sisi tuandike nini? Na huyu mtoto nimfanyeje? Nataka ajifunze kufunga mdomo, lakini huu ukimya wake nao unanitisha.

Mama Redio Mbao, Morogoro

—

Marahaba, mwanangu.

Cheka kwanza. Mimi nimeshacheka, na mwalimu mkuu wenu alicheka kabla yetu akaliweka jambo hilo kwenye maandishi, jambo ambalo walimu wakuu hulifanya kwa nadra sana.

Ukimaliza, tuangalie hasira zako, maana ziko mbili na umezifunga kwenye pindo moja la kanga. Ya kwanza ni ya mama ambaye mwanawe ameanikwa. Hiyo nakuunga mkono na tutaifikia. Ya pili ni ya mke ambaye deni lake limejulikana. Hiyo usimbebeshe mwalimu. Yeye alidhani anaandikia nyumba ambayo baba na mama wote wanajua wanadaiwa na nani. Kama mumeo angekuwa anajua, sentensi ile ingewachekesha wote wawili na mimi nisingepata barua hii. Zungumza na mumeo, mweleze vitenge vilivyoyumba, mwonyeshe kilichobaki. Shilingi 38,000 si deni la kumtoa mtu nyumbani kwake. Kilichomuuma, nadhani, ni kulisikia kutoka kwenye mdomo wake mwenyewe huku mdogo wake anamtazama.

Sasa nikuingize ofisi ya walimu, nilikokaa miaka mingi. Mwisho wa muhula mwalimu wa darasa anasahihisha mitihani ya somo lake, anawafukuzia wenzake wampe alama za masomo yao, anapiga jumla na wastani, anapanga nafasi, kisha anajaza herufi za tabia na mwenendo: bidii ya kazi, usafi, utii, uaminifu, ushirikiano. Visanduku vyote hivyo ni vya mtoto mmoja, na watoto ni 96. Maoni huja mwisho kabisa, mara nyingi nyumbani, usiku, watoto wake mwenyewe wakiwa wamelala. Huko ndiko zinakotoka "Ajitahidi zaidi", "Aongeze bidii" na ile ya washindi, "Hongera, usibweteke". Ukifika ripoti ya thelathini mkono unajiandikia wenyewe. Nimeona mtoto aliyehama tangu Machi akaandikiwa mwezi wa sita kwamba ameonyesha maendeleo mazuri.

Mwanao kapata sentensi nne. Na si sentensi za kuokota. Mwalimu amesikiliza anavyojibu swali, amegundua kwamba anakimbilia kwenye masimulizi pale hesabu inapomshinda, na amekiri kwamba masimulizi hayo ni mazuri. Darasa la watu 96, mtoto wa 58! Walimu huwajua watano wa mwanzo na watano wa mwisho. Wale wa katikati wanaweza kumaliza darasa la saba bila mtu kujua kama wanatumia mkono wa kushoto. Wako amejulikana mpaka duka analotumwa.

Wazazi wengi hawajui kwamba maoni matamu ndiyo ya kusoma kwa makini zaidi. "Mchangamfu" ni mpiga kelele. "Ana kipaji cha uongozi" ni yule anayewatuma wenzake wamchotee maji. "Anashirikiana vizuri na wenzake", ukiona mtoto kapata alama sawasawa na rafiki yake mpaka kwenye makosa, uliza walikaa dawati gani. "Mtulivu sana" wakati mwingine ni mtoto mpole kweli, na wakati mwingine ni mwalimu anayejaribu kukumbuka sura. "Mzazi afike shuleni" haina tafsiri. Fika.

Halafu kuna wale walimu wachache wasiojua kuzunguka. Nilifanya kazi na mmoja wa Sayansi aliyeandika: "Daftari lake lina michoro mizuri sana ya mabasi. Mfumo wa mmeng'enyo bado haujaanza." Mwingine: "Amehudhuria. Kwa hilo tunamshukuru." Na mmoja, Mungu amjalie afya huko aliko, alimwandikia mtoto aliyekuwa anachungulia dirishani kila siku: "Gari zote zinazopita barabarani anazijua kwa namba. Akizijua za jedwali la kuzidisha hivyohivyo tutafanya sherehe." Baba wa mtoto huyo alikuwa dereva wa daladala. Alikuja shuleni tukadhani anakuja na fimbo, kumbe alitaka kuomba nakala ya pili ya kumpa bibi.

Lakini wapo pia walioumiza. Nimesoma ripoti imeandikwa "Hana kitu kichwani", na nimesoma "Mzazi anapoteza ada". Utaona zinavyotofautiana na yako. Za dereva na za mabasi zinasema mtoto anafanya nini, jambo analoweza kuanza kufanya tofauti Jumatatu. "Hana kitu kichwani" inasema mtoto ni nini, na hapo hana pa kutokea.

Pengine kuna mtu kwenye grupu lenu atakayekutumia kisa cha John Gurdon ili kukufariji, basi nikuwahi. Mwaka 1949, shuleni Eton huko Uingereza, kijana huyo alishika mkia katika Biolojia kati ya wavulana 250, na mwalimu wake akaandika kwamba wazo lake la kuwa mwanasayansi ni kichekesho kitupu. Mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, na ripoti ile aliitundika ofisini kwake. Kisa ni cha kweli. Ila wengi wanaoshika mkia hawapati Nobel, kwa hiyo usimwambie mumeo kwamba 17 ya Hisabati ni dalili njema. Ninachokitoa humo ni kimoja: mwalimu wa Gurdon alitabiri kesho ya mtoto, na akaambulia aibu. Mwalimu wenu hakutabiri chochote. Kaeleza alichokiona muhula huu.

Ameteleza pamoja na hayo, na nitasema wapi. Sentensi ya Mangi haikupaswa kuandikwa. Ripoti anaibeba mtoto. Anaifungua njiani, rafiki anaichungulia, jirani anamsomea bibi asiyeona vizuri, na kama ulivyoona, siku hizi inafika Tanga kabla wali haujaiva. Mambo ya pesa za nyumbani mwalimu akiyasikia anampigia mzazi simu au anamwita pembeni. Mwambie hivyo, ana kwa ana, bila kukunja uso. Nadhani atakuelewa. Anayeandika kwa ucheshi kiasi kile kwa kawaida hana nia mbaya, na pengine hakuwaza kama kuna shemeji mwenye simu.

Huyo shemeji ndiye mwenye kosa kubwa kuliko wote humu, na ajabu ni kwamba barua yako imempita haraka kama mtu asiye na hatia. Mwalimu aliwaandikia ninyi wawili. Shemeji aliwaonyesha sitini, jina la mtoto na alama zake zikiwa wazi. Nchi yetu imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini sikutumi huko kwa ajili ya mdogo wa mumeo. Mumeo amwambie, kaka kwa mdogo, aifute ile picha na aache lile jina. Usiseme wewe. Ukisema wewe itaonekana ni uchungu wa deni. Na lile jina likome ndani ya nyumba yako kuanzia leo, hata kwako. Umeniandikia barua ukaitia saini "Mama Redio Mbao". Najua ni utani, lakini jina likishatumiwa na mama limepata cheti cha kuzaliwa.

Kuhusu nafasi ya 58, mumeo apoe. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, baada ya miaka mingi ya taifa zima kukaa redioni kusubiri orodha ile. Shule nyingi bado zinapanga nafasi na sina ugomvi nazo, ila nafasi inamweleza mzazi kidogo sana. Angalia alama. Kila somo ni kati ya 50. Kiswahili 46 ni A ya juu. Hisabati 17 ni D. Mtoto huyohuyo, kichwa hichohicho. Kumhamisha shule kutampa mwalimu mpya atakayehitaji mwaka mzima kugundua kile ambacho huyu ameshakiandika.

Alichokiandika ni hiki: mtoto anaelewa kwa hadithi. Basi mpeni hesabu za hadithi. Darasa la tano wana maswali ya mafumbo, na wengi huyaogopa kwa sababu hawaelewi maneno. Wako maneno anayo, kinachomkimbia ni tarakimu. Chukua daftari la Mangi, lile lenye orodha ya vitu ulivyokopa. Keti naye mezani. Unga kilo ngapi, kwa bei gani? Jumla ya sabuni na sukari ni ngapi? Tukilipa elfu nne kila Jumamosi, 38,000 litaisha baada ya wiki ngapi, na wiki ya mwisho tutalipa kiasi gani? Hapo kuna kuzidisha, kujumlisha, kugawanya na baki. Siri ilishatoka, angalau ilipie masomo. Mwache aisimulie hesabu yote kwa mdomo kwanza, na Mangi awe mhusika, akitaka amtie ndevu. Akimaliza kusimulia aandike tarakimu tupu chini ya kila sehemu ya hadithi. Dakika ishirini jioni zinatosha. Zikizidi hapo atachoka, nawe utaanza kufoka.

Na mpe daftari jingine la stori zake, awe anaandika nusu ukurasa wa chochote akitakacho. Usilisahihishe.

Ukimya wake sasa. Umesema unataka ajifunze kufunga mdomo. Kuwa mwangalifu na ombi hilo, mwanangu. Mtoto akifundishwa kwamba mambo ya nyumbani hayasemwi, basi, bila maelezo, siku akishikwa pasipostahili na mtu mzima, au akitishwa na mtu wa hapohapo nyumbani, hilo nalo ataliweka kwenye mambo yasiyosemwa. Mfundishe kuchagua. Mwambie kabla ya kusimulia ajiulize: habari hii ni yangu? Ndoto zake ni zake. Goli alilofunga ni lake. Deni ni la mama, kwa hiyo mama ndiye mwenye kulisema. Halafu mwambie upande wa pili, polepole na zaidi ya siku moja: jambo lolote linalomuumiza au kumtisha ni lake, hata kama mtu mzima kamwambia ni siri, na analeta kwako.

Kabla ya hayo yote, baba yake amwite. Yeye ndiye aliyesoma kwa sauti, yeye ndiye wa kulifungua. Asitoe hotuba. Amwambie tu kwamba kwenye ripoti hakuna mahali palipoandikwa amefanya ubaya, kwamba picha ile haikupaswa kutumwa na baba mdogo ameambiwa, kisha amwombe amsimulie kitu. Kama baba ni mtu wa maneno machache, basi watoke wote kwenda kununua mkate, huwa inasaidia mtu akiwa na kitu cha kushika.

Tuje kwenye ile mistari miwili. Wazazi wengi huandika "Tumeona, asante" au huweka saini tu, na walimu huwa hawashangai. Futa ya mumeo, penseli hufutika. Mimi ningeandika hivi, kwa wino:

"Tumesoma, tumecheka, tumeelewa. Hisabati tunaifanya nyumbani kila jioni. La Mangi nitafika tuzungumze. Asante kwa kumfahamu mwanetu."

Weka na namba yako ya simu, ili mara nyingine akiwa na habari ya dukani awe na njia ya kukufikia isiyopita mkononi mwa mtoto.

Kwenda shuleni usiende siku ya kufungua. Siku hiyo mwalimu anapokea wageni, anahesabu madawati, anatafuta chaki. Nenda Jumatano au Alhamisi, wanafunzi wakishaondoka. Mwachie nafasi akwambie mengine aliyoyaona, maana mtu wa sentensi nne huwa ana ya tano aliyoikosea nafasi. Muulize hasa mada gani za Hisabati zinamwangusha, kama ni sehemu, desimali au vipimo, na kama anaweza kumpa nafasi ya kusimulia kitu mbele ya darasa mara mojamoja, kwa ruhusa na kwa wakati wake. Mumeo akitaka kukusindikiza aje, ila mwambie mapema kwamba mwalimu anaweza kumchekesha.